Picha za nyota wa sinema wa miaka ya 1930 zimenifanya nizime taa za studio (uzi mrefu, wapiga picha piteni huku)

Fundi Pasipoti (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi ni mpiga picha wa Tanga, Ngamiani. Msinione mkubwa: nina chumba kimoja, mbele fotokopi na kuuza madaftari, nyuma kuna kitambaa cha bluu na stuli ya pasipoti saizi. Jumamosi na Jumapili niko kwenye harusi za watu. Mwaka wa tisa huu. Na kwa miaka yote tisa kazi yangu kubwa imekuwa kufukuza kivuli. Kivuli chini ya pua, fukuza. Kivuli shingoni, fukuza. Ringilaiti usoni, softiboksi (taa zenye kitambaa cha kulainisha mwanga) kulia na kushoto, halafu nikimaliza nalainisha ngozi kwenye simu mpaka mtu anabaki kama sahani iliyotoka kuoshwa. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka.

Masika iliyopita mvua ilipiga siku tatu mfululizo, mteja hata wa kutoa kopi ya cheti hakuna. Nimekaa na simu nikakutana na picha mbili za Joan Crawford, nyota wa Hollywood, zimewekwa ubavu kwa ubavu. Mpigaji ni George Hurrell, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ya kwanza ni kama ilivyotoka kwenye negativu: uso mzima umejaa madoadoa ya jua, mpaka mabegani. Ya pili imeshapita kwa fundi wa kusafisha, ngozi imekuwa marumaru. Nikacheka peke yangu. Kumbe ujanja wangu wa kwenye simu una karibu miaka mia!

Nikaendelea kuziangalia. Madoa yamefutwa yote, ila kivuli kimeachwa palepale. Kile cha chini ya kope, kile cha shavuni, kile cha chini ya mdomo, hakuna aliyekigusa. Yule fundi alikaa na ile negativu akafuta kila kitu ambacho mimi nafuta, akaacha kitu kimoja ambacho mimi nakifuta kuliko vyote.

Hapo ndipo mradi ulipoanzia. Nachagua wanawake 12 wa mtaani kwetu, kila mmoja nampiga kwa taa ya picha moja ya nyota wa zamani. Narudia kusema: kwa taa. Sivalishi mtu manyoya wala sigara ndefu mkononi. Mama wa samaki anabaki na kanga zake. Mpaka leo nimemaliza sita. Nitawaeleza nilivyofanya, nilivyoharibu, na palipobaki pagumu mnisaidie.

Kocha wa Benchi

Nimeweka mkeka hapa. Shusha nondo mkuu.

Fundi Pasipoti (mleta uzi)

Nianze na huyu Hurrell maana ndiye mwalimu wangu japo hanijui.

Alihamia Laguna Beach, California, mwaka 1925 akitaka kuwa mchoraji. Kamera ilikuwa ya kutafutia ugali, anawapigia wachoraji wenzake picha za kazi zao. Akaja kumpiga Ramon Novarro, nyota wa kampuni ya MGM, na Novarro akaenda kuzionyesha zile picha kwa wenzake. Mmoja wa waliozitazama ni Norma Shearer.

Sasa Shearer alikuwa na shida ambayo kila mwanamke mwenye mume mkubwa kazini ataielewa. Alitaka nafasi ya mwanamke machachari kwenye filamu ya The Divorcee. Mwenye sauti ya kuamua pale MGM ni Irving Thalberg, na Thalberg ndiye mumewe, naye anamwona mkewe ni mpole mno hafai kwa nafasi ile. Shearer hakubishana naye. Mwaka 1929 akaenda kwa Hurrell, akaachia nywele, akavaa gauni la kulegea, akapigwa picha. Thalberg alipoziona akalainika. Filamu ikatoka 1930, Shearer akachukua Oscar, na Hurrell akapewa kazi ya kuongoza studio ya picha pale MGM akiwa kijana wa miaka 25 hivi. Hakukaa sana. Mwaka 1932 akaondoka, akafungua yake Sunset Boulevard.

Kilichonikaa kichwani hapo ni kwamba mwanamke ni yuleyule, uso uleule, na mume amelala naye nyumba moja miaka. Ikabidi taa ihame ndipo mume amwone.

Mchana Kweupe

Mleta uzi hongera lakini niulize. Kwa nini hawa? Tuna nyuso zetu, tuna historia yetu, unaenda kuchukua taa ya Wazungu wa 1930 unammulika nayo mama muuza samaki wa Tanga. Huoni kama ni kasumba? Na zaidi, hizo taa zilipangwa kwa ngozi nyeupe. Jaribu kwa mtu mweusi tii uone kama hujapata macho na meno tu.

Fundi Pasipoti (mleta uzi)

Mkuu swali lako la pili ndilo lililonitesa wiki tatu. La kwanza naomba nilirudie baadaye.

Kwanza vifaa, maana najua kuna watu watasema hii ni ya wenye hela. Nina LED moja ya wati 50, ile ya kuning'iniza dukani. Peke yake inamwaga mwanga kila mahali, haina adabu. Taa za Hollywood zilikuwa na kioo mbele chenye miduara miduara kama pete za mti, kioo cha Fresnel, jina la Mfaransa aliyekibuni kwa ajili ya minara ya taa za baharini miaka ya 1820. Kazi yake ni kuukusanya mwanga uende unakotaka wewe. Mimi nikajiuliza nitakipata wapi hicho. Jamani, kilikuwa kwenye rafu yangu! Zile karatasi za plastiki za kukuzia maandishi, tunazowauzia wazee wasomee Msahafu na Biblia, zile ndizo hizo hizo. Pitisha kidole utasikia mikwaruzo ya duara. Nimeibana moja kwenye fremu ya boksi, naisogeza mbele na nyuma ya taa mpaka napata duara la mwanga lenye kingo laini, ukubwa wa sinia. Angalizo: ukimaliza usiiache juani. Yangu ilitoboa kava la daftari dukani nikidhani kuna mtu amezima sigara.

Kitu cha pili ni mkono wa kuning'iniza taa juu ya kichwa cha mtu. Hurrell alichukua wazo kutoka kwenye ile fito ya kuning'inizia maikrofoni wakati sinema zinaanza kusema, akafunga taa badala ya maikrofoni. Mimi nimetumia bomba la maji la plastiki na kiroba cha mchanga nyuma. Siku ya kwanza sikukaza. Mama wa samaki ameshakaa, ameshatulia, bomba likainama polepole kama mtu anayesinzia msikitini, taa ikaja kutua begani kwake. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, hii ndiyo picha yenyewe au bado?" Sasa hivi natumia bomba la chuma.

Poda na Wanja

😂😂 Kaka pole. Mimi ni mpambaji, niko Dar. Kwenye vipodozi ulifanyaje? Maana maharusi wangu nawapaka mpaka ngozi ising'ae hata kidogo, kamera inapenda hivyo.

Fundi Pasipoti (mleta uzi)

Dada hapo umegusa penyewe, na ndiyo naanza kumjibu Mchana Kweupe.

Niliazima kichwa cha saluni kwa jirani, kile cha plastiki cha kuvalisha wigi, cheusi. Nikakaa nacho usiku wa manane nahamisha taa. Taa mbele ya uso, juu, imeshuka kwa mshazari: kinatokea kivuli kidogo chini ya pua chenye mabawa mawili. Wenyewe wanaita taa ya kipepeo, na wengine wanaiita taa ya Paramount, kwa sababu ndivyo Josef von Sternberg alivyokuwa akimmulika Marlene Dietrich kwenye filamu za kampuni hiyo. Mashavu yanazama, mifupa inapanda. Kipimo changu: kivuli kiishie katikati ya pua na mdomo. Kikigusa mdomo umeshampa mtu masharubu. Ukiihamishia taa pembeni na kuendelea kuizungusha, kivuli cha pua kinaenda kuungana na kivuli cha shavu, na upande wa giza inabaki pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Hiyo imepewa jina la mchoraji Rembrandt.

Kwenye kichwa cha plastiki vyote vilitoka vizuri. Nikamleta mtu mwenye ngozi nyeusi aliyepakwa poda na mwanangu wa saluni: bapa. Kama kaa. Mchana Kweupe uko sahihi kabisa, nilipata macho na meno.

Nikaongeza mwanga, ikawa kijivu. Nikaongeza taa ya pili, kivuli kikafa. Wiki ya tatu akaja fundi cherehani wetu mchana wa jua kali, anatoka jasho. Nikasema kaa hivyo hivyo usijifute. Wakuu, ile picha! Paji la uso, ukingo wa pua, mfupa wa shavu, mdomo wa chini, kila mahali pana mstari wa mwanga kama umechorwa na chaki. Kwenye ngozi nyeupe mwanga unajaa uso mzima, na umbo unalipata kwa kutafuta kivuli. Kwenye ngozi nyeusi kivuli unacho tayari, umbo unalipata kwa mng'ao. Kwa hiyo unakwenda kinyume: usiongeze taa, ongeza mng'ao. Poda ndiyo inayouua. Siku hizi natumia tone la mafuta ya nazi kwa kidole, sehemu nne tu, na taa ni ileile moja. Uso mzima ukipaka unakuwa andazi.

Poda na Wanja

Haya nimekoma. Kesho najaribu kwa mdogo wangu.

Ila kwenye hili la vipodozi na ngozi kuna kisa cha Lena Horne. MGM walimsaini 1942, mwanamke mweusi mrembo kupita kiasi, halafu hawajui wampake nini. Kwa simulizi yake mwenyewe, walitengenezewa na Max Factor rangi maalumu ikaitwa Misri Nyepesi, ili aonekane mweusi zaidi kwenye filamu asije akadhaniwa mzungu. Halafu rangi hiyohiyo wakaichukua kuwapaka waigizaji wazungu wanapopewa nafasi za machotara. Yaani kopo limetengenezwa kwa ajili yako, kazi wanapewa wengine.

Babu Negativu

Vijana, amani iwe nanyi. Nimefanya kazi chumba cha giza tangu nikiwa na miaka 17 mpaka mashine za digitali ziliponifukuza. Naona kuna mambo mnayazunguka.

Huyo aliyemsafisha Crawford hakuwa na simu. Tulikuwa tunasafisha negativu kwa penseli. Ndiyo, penseli ya kuchongwa mpaka ncha inakuwa kama mwiba wa samaki. Unaipaka negativu dawa kidogo ishike, unaiweka juu ya kioo chenye taa chini, unavaa miwani ya kukuzia. Doa jeusi usoni kwenye negativu linakuwa tundu jeupe, basi unalijaza kwa vinukta mpaka lilingane na jirani yake. Ukikosea unaharibu uso wa mtu. Hao wa Hollywood walikuwa na negativu ya nchi 8 kwa 10, kubwa kama karatasi ya mtihani, penseli ina mahali pa kutembea. Sisi tulikuwa na za nchi mbili na robo, tunafanya kwa dua.

La pili ni filamu yenyewe. Mnajua kwa nini chumba cha giza kina taa nyekundu? Karatasi ya picha haioni nyekundu. Unaifungua mbele ya taa ile, haiungui. Filamu za zamani za sinema nazo zilikuwa vivyo hivyo, vipofu wa nyekundu. Kitu chekundu kinatoka cheusi. Mdomo wa rangi nyekundu unatoka kama lami, madoa ya jua ya yule mama yanatoka kama pilipili manga, na macho ya bluu yanatoka meupe kama ya samaki aliyepikwa. Ndiyo maana walipakwa vile. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Hollywood wakahamia filamu inayoona rangi zote, panikromatiki, na hiyo ukiifungua kwenye taa nyekundu umekwisha, lazima giza totoro. Nimeunguza rola moja ya harusi kwa kosa hilo, mwaka wenyewe siutaji, bwana harusi bado yuko hai.

Fundi Pasipoti (mleta uzi)

Shikamoo Babu. Hapa nimesimama nakusoma.

Sasa wadau unganisheni na digitali. Ukigeuza picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe, programu inakupa vidude vya kusogeza: nyekundu, kijani, bluu. Kuna filta za simu zinazojiita za kizamani ambazo zinashusha nyekundu, zinaiga ile filamu kipofu. Ngozi zetu zina nyekundu nyingi ndani. Ukiishusha, mtu anazama na kila kovu la chunusi linapanda juu. Mimi nafanya kinyume: nyekundu juu, bluu chini. Ngozi inawaka kwa ndani bila kuongeza mwanga wowote.

Na zawadi niliyoipata bila kuomba: kitambaa changu cha bluu cha pasipoti, bluu ikishuka, kinakuwa cheusi kama usiku wa kaskazi! Nilikuwa nimeshatoa oda ya kitambaa cheusi mita tano nikaifuta. Saidia na umbali: uso ukiwa mita 1 kutoka kwenye taa na ukuta uko mita 3, ukuta unapata sehemu 1 tu ya 9 ya mwanga wa usoni. Chumba changu ni kidogo lakini hizo mita nazipata nikiitoa mashine ya fotokopi barazani.

Bint Mvita

Assalaam alaykum nyote. Mimi ni wa Mombasa, nataka kumjibu ndugu Mchana Kweupe kuhusu kasumba, kwa heshima.

Huku kwetu jambo hili si geni hata kidogo. Bwana N. V. Parekh alikuwa na studio hapa Mombasa, na picha zake leo zinaonyeshwa kwenye majumba ya sanaa nje. Zitazame. Watu wanakuja na pozi walizoziona kwenye sinema za Kihindi: mkono shavuni, macho yanatazama mbali, mke na mume wametazamana kama wimbo unakaribia kuanza. Nyanyangu ana picha ya ujanani aliyopigwa studio moja mjini, amevaa buibui limeshushwa mabegani, ameshika simu ya mezani sikioni anatabasamu. Nyumba yao haikuwa na simu mpaka anaolewa. Nilimwuliza, "Nyanya, ulikuwa wazungumza na nani?" Akanijibu, "Na yeyote nimtakaye."

Sasa mwambie nyanyangu ana kasumba, nitakupa njia ya kufika kwake.

Mchana Kweupe

😂 Sitaki njia. Nimesalimu amri kwa nyanya. Ila kwenye historia ya wenyewe wa Hollywood narudi palepale, weusi walikuwa wapi?

Fundi Pasipoti (mleta uzi)

Walikuwepo, na nimewaweka kwenye mradi. Mpiga picha Edward Steichen alimpiga mwigizaji Paul Robeson mwaka 1933 akiwa na sare ya filamu ya The Emperor Jones. Itafuteni hiyo. Mtu mweusi, sare ina vifungo vinang'aa, na kivuli nyuma. Dorothy Dandridge aligombea Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya Carmen Jones ya 1954, na picha zake ndizo nilizomwekea mwuguzi wetu. Na Steichen huyohuyo mwaka 1924 alimpiga nyota wa sinema Gloria Swanson nyuma ya kitambaa cha lesi nyeusi. Uso uko nyuma ya maua, macho yanakutoboa kama chui yuko kichakani. Kwa wazo hilo ndipo nilipomweka mpishi wetu wa shughuli nyuma ya pazia la lesi la sebuleni kwake. Picha bora kuliko zote sita, na sikutumia vifaa vyangu hata kimoja. Dirisha na pazia, basi.

Na kuna Samuel Fosso, alianza studio Bangui akiwa mtoto kabisa, miaka ya 1970. Mchana anapiga wateja, jioni anamalizia mkanda uliobaki kwa kujipiga mwenyewe na mavazi ya kila namna. Nilipomsoma huyu niliona aibu. Mimi kila jioni nilikuwa namalizia siku kwa kuhesabu hela na kufunga mlango.

Bint Mvita, naomba ile ya simu niitumie. Nitaazima simu ya mezani popote ilipo.

Bint Mvita

Ichukue, nitamwambia bibi. Na hapo ng'ambo kwenu Unguja kuna Capital Art Studio, Mji Mkongwe, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukivuka bahari nenda ukazitazame picha za ukutani, zimejaa mpaka juu. Mwaka huohuo Hurrell anaingia MGM, mwenzake alikuwa anafungua mlango Unguja.

Kocha wa Benchi

Mimi si mpiga picha, nina swali la kijinga. Hawa watu kwenye hizo picha mbona hawacheki? Mama zetu ukiwaambia wasicheke wanadhani umewanunia.

Fundi Pasipoti (mleta uzi)

Si la kijinga, ndilo lililonichelewesha. Taa zile zilikuwa za kuwaka muda wote, za moto, na kamera ilihitaji mtu atulie. Tabasamu halikai. Ndiyo maana, kwa mtazamo wangu, wengi wameegemea kitu au wamelala kabisa: kichwa kimepata pa kutua.

Hurrell alikuwa anapiga muziki wa santuri, anaruka, anapiga kelele, mpaka mtu anasahau kamera. Clarence Sinclair Bull, mpiga picha wa MGM aliyempiga nyota Greta Garbo karibu kila mwaka kuanzia 1929 mpaka 1941, yeye alikuwa mkimya, na Garbo alimpenda kwa hilo. Na kabla ya Bull, Garbo alikuwa akipigwa na Ruth Harriet Louise, aliyeanza kuongoza studio ya picha ya MGM mwaka 1925 akiwa na miaka 22, mwanamke peke yake katika nafasi ile.

Mimi nilianza na njia ya Hurrell, taarabu ya Black Star kwenye spika. Matokeo yake mama wa samaki akaanza kucheza. Tukapoteza nusu saa lakini tulifurahi. Nikazima. Nikamwambia kaa, inua kidevu utafute taa kama unaangalia kama mvua inakuja. Akainua. Macho bado yananitazama mimi kwa wasiwasi. Nikamwuliza, "Mama, samaki changu wa leo soko la Deep Sea wameshuka bei gani?" Hakunijibu upesi. Alianza kupiga hesabu kichwani, mboni zikahama zikaenda pembeni juu, mdomo ukafunguka kidogo sana, na mkono wenye makovu ya magamba ukapanda wenyewe ukashika shingo. Nikapiga hapo. Moja tu. Wote mliowahi kuona picha ya Dietrich mngesema anamwaza mwanamume. Anawaza ndoo mbili za changu.

Kwa wanaotaka namba: lenzi ya milimita 85, tundu 4, kasi 1 kwa 100, ISO 800. Ila namba hizo bila hesabu ya samaki sijui kama zitawasaidia.

Poda na Wanja

Nimejaribu! Mdogo wangu, mafuta ya nazi sehemu nne, taa ya simu ndani ya kopo la maziwa ya unga nimepaka masizi kwa ndani, amelala kwenye kochi. Mama ameingia akauliza ni nani amekufa, mbona giza. Alipoiona picha akataka na yeye. Kaka, kivuli cha pua kwake kinaenda upande, nakosea wapi?

Fundi Pasipoti (mleta uzi)

Amegeuza uso kidogo, taa haikumfuata. Taa ifuate pua, si mwili. Kila akigeuka na wewe hama.

Babu Negativu

Kijana, umebakiza sita. Nakushauri moja usisafishe kabisa. Madoa yabaki, kama ile picha ya kwanza ya yule mama wa Hollywood. Iweke mwisho.

Fundi Pasipoti (mleta uzi)

Babu nimekubali, na najua nitakayempa hiyo. Ni mwalimu mstaafu wa chekechea, ana miaka 71, ana mikunjo inayosomeka kama daftari. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Utanitoa hii mistari?" Nikasita, nikamwambia hapana. Akasema, "Vizuri, nimeitafuta kwa tabu." Tunapiga wiki ijayo umeme ukikubali.

Mwenye wazo la jinsi ya kuziunganisha picha 12 ziwe kitu kimoja aniambie. Nimemtazama mpiga picha Mmarekani Cindy Sherman, picha zake za kuigiza vipande vya filamu zisizokuwepo, alizozipiga kati ya 1977 na 1980: zote nyeusi na nyeupe, ndogo, na aliyepo ndani ni yeye mwenyewe kila picha. Zinashikana kwa sababu ya uso mmoja. Mimi nina nyuso 12 na taa moja. Nafikiri taa itatosha kushikilia, lakini sina hakika na saizi ya kuchapa. Studio Harcourt ya Paris, iliyoanza 1934 na bado inafanya kazi, jina lao tu pembeni chini ya picha linatosha kuzifanya ndugu. Labda na mimi nigonge muhuri wa duka, ule wa "nakala halisi".

Kocha wa Benchi

Muhuri wa nakala halisi 😂😂 Gonga huo huo mkuu, usitafute mwingine. Na mama wa samaki alisemaje alipoiona?

Fundi Pasipoti (mleta uzi)

Nilimchapia kubwa, nikampelekea sokoni nimeifunga na gazeti. Akaifungua, akaiweka mbali, akaisogeza karibu, akawaita wenzake wa meza za jirani. Mmoja akauliza huyu ni nani. Mama akasema, "Mimi huyo, usiku."

Siku mbili baadaye akaja dukani asubuhi na mapema anataka nne za ileile, pasipoti saizi, kwa ajili ya kitabu chake cha kikundi cha kuweka na kukopa. Nikamwambia Mama hizi hawatazipokea. Akasema wewe toa. Nikatoa, bure.

Mchana akarudi nazo mkononi. Wamemkatalia, wanataka uso mzima uonekane na masikio yote mawili. Basi nikawasha ringilaiti, akakaa kwenye stuli, kitambaa cha bluu nyuma, nikafukuza kivuli kama kawaida. Alipoziona akazitia kwenye bahasha bila kuzitazama mara ya pili. Zile nne za kwanza akazirudisha kwenye pochi.